Namba Nne Aliponipa Mkono

Kwanza mjue kwamba wazo la kukata majina lilikuwa langu. Watu wakisimulia habari hii hapa Silanga, Kibera, husema ni mawakili wa mjini walioleta ujanja ule wa namba. Si wao. Ni mimi, Nafuna, muuza makaa, na kama mdomo ungekuwa na kufuli ningeutia siku ile.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Makanisa, mawakili, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya wapangaji kama chetu walikuwa wameungana kuunda Baraza la Haki za Raia, la nchi nzima. Ofisi ilikuwa imeshapatikana, meza na viti vimeshanunuliwa, kilichokosekana ni mtu wa kuliongoza. Tangazo likatoka gazetini. Kisha wakateuliwa watu saba wa kumchagua, na kwa kuwa sisi wa Kibera tumebomolewa nyumba kuliko mtu yeyote, ikaamuliwa mmoja wa saba hao atoke kwetu. Wenzangu wakanisukuma mbele. Walisema nina mdomo.

Tulikutana Kawangware, katika ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya soko. Mwenyekiti alikuwa Mzee Urbanus Ndululu, hakimu mstaafu wa kutoka Kitui, mtu mpole ambaye hufuta miwani kila anapotaka kufikiri. Maombi yalikuwa ishirini na mawili. Likasomwa la kwanza, na jina lilipotajwa tu nikaona wawili wetu wanatazamana na wa tatu anaguna. Likasomwa la pili, wakaguna wengine. Si mnaijua miaka ile? Uchaguzi ulikuwa umepita juzi, na huko Bonde la Ufa majivu ya nyumba za watu yalikuwa bado yana moto. Jina la mtu lilitosha kukuambia umpende au umchukie.

Nikanyoosha mkono. Nikawaambia wakate majina. Wakate na kijiji mtu alichozaliwa, na kanisa lake, na shule yake ya msingi, na chochote kile kinachonuka kabila, kisha kila mmoja apewe namba. Tuchague kazi ya mtu, nikasema, ukoo wake tumwachie mama yake. Walicheka wakanipigia makofi. Magdaline, wakili kijana, mmoja wa sisi saba na karani wetu pia, alitoka palepale kwenda dukani kununua wembe.

Tulidhani tumekata kabila. Kumbe tulikuwa tumemkata na mtu mwenyewe.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuuzia makaa. Magdaline akanisomea kwa Kiswahili siku tatu mfululizo. Wengi walikuwa wamejipamba kwa digrii na safari za Ulaya. Namba Nne hakuwa na mapambo. Alikuwa wakili, na kwa miaka mitatu, kila Ijumaa, amekuwa akizunguka vituo vya polisi na daftari, akiandika majina ya watu waliofungiwa seli kupita muda wa sheria, halafu Jumatatu anakwenda mahakamani kuwadai. Orodha alikuwa ameiambatisha. Mamia walikuwa wametoka kwa sababu yake, na arobaini na mmoja walikuwa bado ndani. Kakangu mimi aliwahi kulala seli siku kumi na tisa kwa kosa la kusahau kitambulisho nyumbani, na hakuna kiumbe aliyeandika jina lake popote. Nilimwomba Magdaline arudie kunisomea. Nililia, siwafichi.

Nilimpa Namba Nne tisa na nusu kwa kumi. Wengine walipositasita niliwazungukia mmoja mmoja, nikawasema, nikawabembeleza, mpaka akaingia katika watu watatu wa kuhojiwa. Tulikuwa tumekatazwa kusema popote kwamba sisi ndio wachaguzi, hata nyumbani tusiseme, na mimi nilitii. Nikitoka asubuhi nilikuwa nasema naenda mkutano wa wapangaji.

Nyumbani ningemwambia nani? Nilikuwa naye mmoja tu, Nelima, mwanangu wa pekee. Alikuwa ameolewa Ayany, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, na wakili mmoja aitwaye Ambrose Sifuna, mtoto wa kwetu Bungoma. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe si watu wa kuketi pamoja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, mpaka siku wazee watakapokaa na mnyama akachinjwa, na siku hiyo yetu ilikuwa haijafika. Sifuna alikuwa ameishika adabu hiyo sawasawa. Akiniona njiani huku Makina alivuka barabara. Mimi nikimwona naingia duka lolote lililo karibu, hata kama ni la vinyozi. Niliujua mgongo wake kuliko uso wake, na juu ya kazi yake nilijua tu kwamba ni wakili, amevaa tai. Nilimheshimu kwa hilo, na nilijisifu kwa wenzangu kwamba nimepata mkwe anayejua mila.

Wiki moja kabla ya mahojiano, Nelima alikuja kwangu na leso imefunika mdomo. Jino la mbele, la juu, halikuwapo, na mdomo ulikuwa umeshonwa nyuzi nne. Akasema ameanguka kwenye ngazi. Nikampikia uji. Siku ya tatu akaniambia mwenyewe kwamba ni mkono wa mumewe, na si mara ya kwanza, ila mara ya kwanza kuacha alama. Nilishika mwiko nikitaka kutoka hivyo hivyo mpaka Ayany. Akanishika nguo. Akaniapisha kwa titi alilonyonya kwamba sitamwambia mtu, kwa sababu nikisema, akasema, atakuwa mke aliyepigwa kila aendako mpaka kufa kwake. Nikaapa. Mama akiapishwa kwa titi lake atafanya nini?

Basi ikafika Jumatano ya mahojiano. Tulikaa saba nyuma ya meza ndefu. Namba Mbili aliingia, akajibu, akatoka. Namba Saba naye vilevile, ingawa huyo alizungumza mpaka Mzee Ndululu akafuta miwani mara tatu. Mimi nilikuwa namsubiri mtu wangu. Nilikuwa nimevaa leso mpya kwa ajili yake, mjinga mimi.

Mlango ukafunguka akaingia Sifuna.

Nilidhani amekosea mlango. Nilidhani pengine amenifuata mimi kwa habari za Nelima, au ameleta barua ya mtu. Kisha Magdaline akasema, huyu ndiye Namba Nne, karibu. Nikavuta leso usoni nikainuka nusu, kama mila inavyotaka, lakini nikimbilie wapi? Mlango wa ukumbi ule ni mmoja, na yeye alikuwa amesimama mbele yake.

Aliniona. Naapa aliniona. Alisimama kidogo, mguu mmoja mbele, hata mimi nikamhurumia kwa sababu nilijua kinachompata. Halafu akatabasamu, akaanza kutusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, tangu mwisho wa meza. Mzee Ndululu. Duncan wa chama cha wafanyakazi. Wale wengine. Nikawa nasema moyoni atanipita, lazima atanipita. Hakunipita. Akanyoosha mkono wake mbele yangu.

"Habari yako, mama," akasema. "Nimefurahi kukujua."

Ambaye si wa kwetu hawezi kuelewa. Mwizi wa kwetu, mlevi wa kwetu, mwendawazimu wa kwetu, hakuna ambaye angempa mama mkwe mkono namna ile, mchana, mbele ya watu, kana kwamba ni karani wa posta. Katika hatua zile chache kutoka mlangoni alikuwa ameamua kwamba mimi si mtu. Na alijua nitanyamaza. Ile mila aliivua mlangoni kama koti la mvua, akaniachia mimi niendelee kuivaa.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi niliushika. Niliushika kwa mikono yangu yote miwili, nikashusha leso, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikamtazama mkwe wangu machoni.

"Huu mkono," nikasema, "ndio uliong'oa jino la Nelima?"

Katika ukumbi ule wote walikuwa wananiita Mama Nelima. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kalamu ya Duncan ilianguka sakafuni na hakuna aliyeiokota. Sifuna akajaribu kuuvuta mkono, sikuuachia. Mikono ya muuza makaa ina nguvu.

"Mama, nadhani umenifananisha," akasema.

Nilipigwa na butwaa la pili kabla la kwanza halijaisha. Nikawaambia wote, kwa sauti ambayo nafikiri ilisikika sokoni, kwamba huyu ni Ambrose Sifuna wa Ayany, mume wa mwanangu, na kwamba mwanangu yuko kwangu Silanga anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Hapo ndipo alipobadilisha wimbo. Akakubali kwamba ni mkwe, akasema alitaka tu kutonitia aibu mbele ya watu, na kwamba mkewe alianguka kwenye ngazi. Akasema kama hawamwamini wamuulize mwenyewe.

Wakabishana. Magdaline alisema kisheria sikupaswa hata kumhoji, kwa sababu ni mtu wangu. Wakafungua kanuni zao. Zilikuwa zimemfikiria ndugu, mke, na mshirika wa biashara. Mama mkwe hakuna aliyemfikiria. Na kanuni moja ilikuwa imekolezwa wino: kiongozi atachaguliwa kwa sahihi zote saba, isipungue hata moja, ili kusiwe na jamii itakayosema imeburuzwa. Mzee Ndululu akafuta miwani kwa muda mrefu, akaamua Nelima aitwe kesho yake.

Nilimwambia Nelima jioni hiyohiyo. Nilimwambia kwamba nimevunja kiapo, na nilikuwa tayari anitukane. Hakunitukana. Alikaa kwenye kitanda, akaniuliza jambo moja tu, kama kweli Namba Nne ndiye aliyekuwa anaongoza kwa alama. Nikasema ndiye, na ni mimi niliyempandisha. Alitikisa kichwa polepole, akageukia ukuta.

Kesho yake tulivuka pamoja mpaka Kawangware. Njiani nilimwacha atangulie, nikidhani anakusanya nguvu. Alipoingia ukumbini aliondoa leso mwenyewe bila kuambiwa, na alipofungua mdomo kusalimia, kila mtu aliliona lile pengo na zile nyuzi. Magdaline aliinamisha uso. Mzee Ndululu akamwambia kwa upole kwamba hapa si mahakamani, wala hakuna atakayemlazimisha, ila wangependa kujua lile jino lilitokaje.

"Nilianguka kwenye ngazi," Nelima akasema.

Nikamwita jina lake. Hakunitazama. Mzee akarudia swali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba apewe jibu jingine. Nelima akamjibu vilevile, neno kwa neno, akaongeza kwamba mama yake anampenda sana na hofu ilimzidi. Wote waliliona lile pengo. Watu saba wazima, wenye macho, na mmoja wao hakimu aliyesikiliza waongo miaka thelathini. Na Duncan akaandika: ameanguka kwenye ngazi.

Nilimkamata nje, karibu na ukuta wa kanisa. Sijui ilikuwa hasira au aibu ya kuitwa mwongo na mtoto niliyemzaa. Nikamuuliza ni nini alichofanya.

"Mama, si mimi ndio hutype hiyo list kila wiki?" akasema. "Hao watu nawajua wote kwa majina. Saa hii akienda station kama wakili tu, wanamfukuza. Akiwa mkubwa wa Baraza hawawezi. Wiki moja tu, wote wako nje."

"Na wewe je?"

"Mimi kwake sirudi. Hiyo imeisha. Lakini kazi wampatie." Kisha akafunga leso yake vizuri. "Yeye ni mbaya kwangu tu, mama."

Kwangu tu. Nimezaliwa, nimezaa, nimebomolewa nyumba mara tatu na nimemzika mume, lakini sijawahi kusikia neno lililonipiga kama hilo. Alilisema kama mtu anayetaja bei. Nilitaka kumzaba kofi, kisha nikakumbuka uso ule umeshapigwa vya kutosha, na nikaketi chini palepale kwenye vumbi na leso yangu mpya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwanangu alikuwa ameujua mtungi ule mpaka chini, akachagua kuwanywesha wengine.

Niliitwa ndani. Sahihi sita zilikuwa tayari. Ya Magdaline ilikuwa ya mwisho, na wino wake ulikuwa bado mbichi. Aliponisogezea karatasi hakuinua macho. Mzee Ndululu akaniambia kwamba binti yangu amesema kwa kinywa chake, na kwamba tangu mwanzo mimi mwenyewe ndiye niliyeona ubora wa mtu huyu kuliko wote. Alisema kweli. Aliniambia pia niwafikirie wale arobaini na mmoja. Niliwafikiria. Msidhani sikuwafikiria. Nilimfikiria kakangu na siku zake kumi na tisa, nikaishika kalamu, na nikaiweka juu ya karatasi.

"Nyinyi mnatafutia nchi kiongozi," nikawaambia. "Mimi mtoto ninaye mmoja."

Nikairudisha kalamu mezani, nikatoka.

Baraza halikupata kiongozi mwaka ule. Waliposhindwa kukubaliana juu ya Namba Mbili na Namba Saba walianza kulaumiana, jamii hii na jamii ile, yale yale tuliyoyakimbia kwa wembe, na mwishowe ofisi ikafungwa na meza zikaazimwa kwa harusi za kanisa. Sifuna alisema hawezi kuwatumikia watu waliomdhalilisha. Akaajiriwa na kampuni ya mawakili mjini, akaacha kwenda vituoni siku za Ijumaa. Kwa hiyo mtasema nilikuwa na haki, mtu wa namna hiyo hakufaa. Hata mimi hujiambia hivyo asubuhi.

Nelima alikodi chumba Kawangware akapata kazi ya kuchapa barua. Aliichukua ile orodha na Ijumaa mbili akaenda vituoni peke yake. Polisi wa kaunta wakamuuliza yeye ni wakili wa nani, na ana barua gani, na aliposema hana wakamwambia aende akapike. Alinieleza hayo bila kunilaumu. Huja kwangu Jumapili, tunakula, tunaongea habari za mvua, na saa kumi anaondoka. Angenitukana ningepona.

Basi mwezi wa kumi na moja akaja Nereah kwenye kibanda changu. Nereah ni mteja wangu wa siku nyingi, anauza samaki wa kukaanga huku chini karibu na bwawa. Mwanawe mkubwa, fundi wa viatu, alikuwa amekamatwa tangu mwezi wa nne, na mimi sikujua alikuwa wa ngapi katika ile orodha kwa sababu nilikuwa sijataka kujua. Akasimama na mkebe wake. Hakuomba makaa.

Akaniuliza kama ni kweli wanayosema watu, kwamba kulikuwa na wakili aliyekuwa na jina la mwanawe kwenye daftari, na kwamba sahihi iliyokosekana ilikuwa yangu. Nikamwambia ni kweli. Akauliza sababu. Kiapo nilikuwa nimeshakivunja, tena mbele ya watu, sikuwa na cha kuficha. Nikamwambia alimng'oa mwanangu jino.

Nereah alinitazama. Si kwa hasira, hasira ningeipokea. Alinitazama kama mtu aliyekuwa amejiandaa kusikia jambo kubwa zaidi, na bado analisubiri.

"Jino moja?" akasema.

"Moja."

"Moja tu, Mama Nelima?"

Nikachukua mkebe wake, nikaujaza makaa hadi juu, nikaongeza mawili matatu mazuri. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akateremka kuelekea bwawani kwenda kuwasha jiko lake.